Sekunde Zinazopotea Njiani

Mwaka 1991, mtu aliyetaka kusoma ukurasa uliohifadhiwa kwenye kompyuta ya Tim Berners-Lee pale CERN, nje kidogo ya Geneva, alihitaji kutuma mstari mmoja tu. Mstari wenyewe ulikuwa na neno GET na anwani ya ukurasa, basi. Seva ilituma maandishi, kisha ikakata mawasiliano. Hapakuwa na picha, wala programu ya kuendeshwa ndani ya ukurasa. Wasomaji wenyewe walikuwa wanasayansi waliotafuta ripoti za wenzao na namba zao za simu, na kwa kazi hiyo utaratibu ule ulitosha kabisa.

Shida ilikuja pamoja na uzuri. Mwaka 1993 Marc Andreessen na Eric Bina, wakifanya kazi katika kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois, walitoa kivinjari cha Mosaic, ambacho kiliweza kuweka picha katikati ya maandishi. Watu walikipokea kwa mikono miwili. Lakini kila picha ilikuwa faili la peke yake, na kila faili lilipaswa kuombwa peke yake: kivinjari kipige hodi kwenye seva, kijibiwe kwamba kimesikika, kiombe, kipewe, kisha mlango ufungwe. Ukurasa wenye picha kumi ulifungua na kufunga mlango mara kumi na moja. Ni sawa na mtoto anayetumwa dukani kununua unga, akirudi anatumwa chumvi, akirudi anatumwa kibiriti. Duka lina kila kitu, mtoto naye ana mbio, na bado chakula kinachelewa.

Kulikuwa na jambo la pili lililofichika zaidi, na asili yake ni tukio la Oktoba 1986. Mawasiliano kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, sehemu zilizoachana kwa mita zisizofika 400, yaliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Kompyuta zilikuwa zikituma data kupita uwezo wa njia. Data ilipopotea zikaituma upya, na kwa kuituma upya zikazidisha msongamano. Van Jacobson alilichunguza tatizo hilo, na mwaka 1988 akachapisha dawa yake: kila mawasiliano mapya yaanze polepole, yatume kidogo, yasubiri jibu kwamba kilichotumwa kimefika, ndipo yaongeze. Dawa hiyo iliuokoa mtandao na inafanya kazi hadi leo. Ila wavuti ulipokuja na tabia yake ya kufungua mlango mpya kwa kila picha, kila picha ikaanza safari kwa mwendo wa kunyata, na nyingi zilifika kabla hazijapata nafasi ya kukimbia.

Jeffrey Mogul wa kampuni ya Digital na Venkata Padmanabhan, wakati huo mwanafunzi wa Berkeley, waliliona hilo mapema. Mwaka 1994 walipendekeza kivinjari na seva viuache mlango wazi, maombi yote yapite humo humo. Pendekezo hilo liliingia katika HTTP/1.1, toleo la utaratibu wa kuomba kurasa lililochapishwa Januari 1997. Watu wa kampuni ya Netscape hawakungoja. Kivinjari chao, kilichotoka Desemba 1994, kilifungua milango minne kwa mpigo. Mtumiaji aliona nafuu papo hapo, huku seva zikilemewa na wageni waliojigawa mara nne.

Hiyo ndiyo miaka ambayo watu wa Marekani walianza kuuita wavuti jina la kuudhihaki, kwamba ni mtandao wa kungojea. Malalamiko yao yalikuwa na msingi. Kwa modemu ya biti 28,800 kwa sekunde, ukurasa wa kilobaiti 60 haukuweza kufika chini ya sekunde 16 hata kama kila kitu kilikwenda sawa. Jakob Nielsen, mtafiti wa namna watu wanavyotumia kompyuta, alikuwa amekwisha kueleza mipaka ambayo Robert Miller aliianzisha tangu 1968: chini ya sekunde 0.1 mtu huona mashine imemjibu palepale. Ikifika sekunde 1 mawazo yake bado hayajakatika. Ikipita sekunde 10 anageukia jambo jingine. Sehemu kubwa ya wavuti wa miaka ile iliishi nje ya mpaka wa mwisho.

Mwanzoni mwa 1995 Berners-Lee, aliyekuwa amehamia chuo cha MIT, aliwataka wenzake watafute njia ya kuondoa msongamano uliokuwa ukikaribia. Aliyeitikia alikuwa Tom Leighton, profesa wa hisabati. Mwaka uliofuata alifika mwanafunzi kijana, Danny Lewin, mzaliwa wa Denver aliyekulia Jerusalem na kutumikia katika kikosi maalumu cha jeshi la Israel. Wazo lao halikuwa kuziongezea seva nguvu. Walitaka nakala za kurasa zisambazwe kwenye seva nyingi duniani, na kila msomaji ahudumiwe na ile iliyo karibu naye.

Kusambaza nakala si kazi ngumu. Ugumu ni kujua nakala ipi iko wapi, hasa pale seva moja inapokufa au mpya inapoongezwa. Kwa njia za zamani, badiliko dogo namna hiyo lilivuruga mpangilio wote, karibu kila faili likahama. Lewin, Leighton, David Karger na wenzao walichapisha mwaka 1997 kanuni ya kugawa mafaili ambayo seva moja ikianguka, mzigo wake tu ndio unaogawanywa kwa waliobaki, mengine yote yanabaki yalipo. Naiona kuwa moja ya kazi nzuri kabisa katika historia hii yote. Ni hisabati tupu, na iligusa maisha ya kila anayefungua tovuti.

Mwaka 1998 walianzisha kampuni ya Akamai. Miaka mitatu baadaye, asubuhi ya Septemba 11, 2001, Lewin alipanda ndege ya American Airlines namba 11 kutoka Boston kwenda Los Angeles. Alikuwa na umri wa miaka 31. Ndege hiyo ndiyo ya kwanza kugongeshwa kwenye majengo ya World Trade Center. Dunia nzima ilikimbilia tovuti za habari, na nyingi hazikufunguka. Google iliweka ujumbe kwenye ukurasa wake wa mbele ikiwashauri watu wageukie redio na televisheni, ikawapa pia viungo vya nakala za kurasa ilizokuwa imezihifadhi. CNN iliuvua ukurasa wake karibu kila kitu, ikabakiza nembo, maandishi machache na picha, ili uweze kufika. Wafanyakazi wa Akamai, wakiwa na msiba wa mwanzilishi wao, walikesha kuhakikisha tovuti za wateja wao zinasimama. Kwa siku moja kila mhariri alielewa kwamba ukurasa mwepesi unaofika ni habari, na mzito usiofika si kitu.

Wakati hayo yakitendeka, Afrika Mashariki ilikuwa ikiutazama mtandao kupitia angani. Hakukuwa na mkongo wa baharini uliotua Mombasa wala Dar es Salaam. Data zetu za kimataifa zilipanda kwenye setilaiti. Setilaiti za aina ile hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi hupanda, hushuka upande wa pili, jibu hupanda tena na kushuka tena, jumla zaidi ya kilomita 143,000. Hata kwa mwendo wa mwanga, safari hiyo hula karibu nusu sekunde. Kuuliza anwani ya seva ni nusu sekunde, kupiga hodi ni nusu nyingine, kuomba ukurasa ni nusu ya tatu. Herufi ya kwanza ilipofika, sekunde moja na nusu ilikuwa imekwisha, na foleni ya watu wa saiba nzima wanaogawana kiunganishi kimoja chembamba haijahesabiwa bado. Kisha ndipo picha zilipoanza kushuka ukanda kwa ukanda kutoka juu. Na kwa kuwa saiba zilitoza kwa dakika, mteja alilipia kungoja kama alivyolipia kusoma.

Jambo lililouma zaidi ni kwamba hata mawasiliano ya sisi kwa sisi yalipita huko huko. Barua pepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja ya intaneti Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine, Nairobi hiyo hiyo, ilipanda angani, ikafika Ulaya au Marekani, ikarudi. Mwishoni mwa Novemba 2000 kampuni za Kenya ziliunganisha mitambo yao mahali pamoja na kukiita kituo hicho KIXP. Haikupita hata mwezi, Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya mawasiliano ya kimataifa, ikalalamika, na Tume ya Mawasiliano ikaamuru kituo kifungwe. Wenye kituo walieleza tena na tena kwamba data zinazobadilishwa ndani ya Nairobi si mawasiliano ya kimataifa. Kilifunguliwa tena, kwa leseni, Februari 2002. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya Internet Society na kutolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba muda wa data kwenda na kurudi kati ya mitandao ya Kenya ulikuwa umeshuka kutoka milisekunde 200 hadi 600 na kuwa kati ya 2 na 10. Hakuna aliyenunua setilaiti mpya ili kupata matokeo hayo. Kilichofanyika ni watu waliokuwa jirani kukubali kupeana data bila kuzizungusha dunia.

Mikongo ikaja mfululizo. TEAMS, kutoka Fujairah, ilitua Mombasa Juni 2009. SEACOM ilizinduliwa Julai 23 mwaka huo huo, ikigusa Mombasa na Dar es Salaam. EASSy ikafuata 2010. Ndani ya uzi wa kioo mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kilomita 10,000 ni milisekunde 50 kwenda na 50 kurudi. Ukilinganisha na setilaiti ni unafuu mkubwa. Lakini hata hizo 100, ukizizidisha kwa maombi ya ukurasa mmoja, zinajikusanya. Ndiyo maana nakala za karibu, kama zile za Google zilizowekwa Nairobi kuanzia 2011, zilikuwa na uzito uleule wa mkongo wenyewe.

Simu nazo zilikuwa na njia yao. Opera ya Oslo ilisambaza Opera Mini duniani kote kuanzia Januari 2006. Simu ndogo ya Java haikuufungua ukurasa yenyewe. Seva za Opera ziliuchukua, zikaupika, zikapunguza picha, zikautuma ukiwa umebanwa hadi, kwa hesabu ya kampuni, sehemu ya kumi ya uzito wake. Watu wengi wa kizazi chetu walianza kusoma habari za mtandaoni kwenye kioo cha inchi mbili kwa njia hiyo, na mia mbili za vocha zikatosha siku. Kulikuwa na gharama yake: hata kurasa za siri zilifunguliwa kwanza kwenye seva za watu wengine. Bado nasema Opera Mini iliwaingiza mtandaoni watu ambao tovuti zenyewe hazikuwa na habari nao.

Huko California, kwenye kampuni ya Yahoo, Steve Souders alipewa kazi ya kuzifanya kurasa ziwe nyepesi. Kama wahandisi wengi, alitarajia kukuta ucheleweshaji kwenye seva na hifadhidata. Vipimo vilimwambia vingine. Katika muda wote ambao mtumiaji anangoja, asilimia 80 hadi 90 ilitumika baada ya ukurasa wenyewe kwisha kuwasili, kivinjari kikiwa kinafuata picha, mitindo na skripti, zile programu zinazoendeshwa ndani ya ukurasa. Kitabu chake cha 2007 kilikuwa na kanuni 14, nyingi zikiwa rahisi kiasi cha kushangaza: punguza idadi ya maombi, bana maandishi kabla ya kuyatuma, kiambie kivinjari kitunze picha ya nembo ili kisiiombe tena kesho, weka mitindo juu na skripti chini. Ile ya skripti ilitokana na tabia ya vivinjari vya wakati ule. Kikikuta skripti katikati ya ukurasa, kivinjari kilisimamisha kila kitu, kikaipakua, kikaiendesha, ndipo kikaendelea. Skripti moja ya kuhesabu wageni, iliyowekwa juu, ilitosha kumwachia msomaji kioo cheupe. Kuihamishia chini ilikuwa kazi ya dakika moja.

Wenye fedha walishawishiwa na takwimu. Mwaka 2009 Jake Brutlag wa Google alieleza majaribio ambamo matokeo ya utafutaji yalicheleweshwa kwa makusudi kwa milisekunde 100 hadi 400. Watu walipunguza kutafuta kwa asilimia 0.2 hadi 0.6, na ucheleweshaji ulipoondolewa hawakurejea mara moja kwenye kiwango chao cha awali. Wenzao wa Bing walipochelewesha kwa sekunde 2, mapato kwa kila mtumiaji yalishuka kwa asilimia 4.3. Kuanzia Aprili 2010 Google ilitangaza kwamba kasi ya tovuti imekuwa moja ya vigezo vya kuipanga kwenye matokeo, na kasi ikaingia kwenye vikao vya wakurugenzi.

Mwaka huo wa 2009 ndipo lilipotokea jambo ambalo kila anayetengeneza tovuti angepaswa kulijua. Chris Zacharias, mhandisi wa YouTube, aliona ukurasa wa kutazamia video umefika megabaiti 1.2 na maombi kadhaa wa kadhaa kabla hata video haijaanza. Akajiwekea shabaha ya kilobaiti 100. Alikata kimoja baada ya kingine, na mwisho akaondoa kichezeshi kizito cha Flash, akaweka kile cha HTML5. Ukurasa ukawa kilobaiti 98 na maombi 14. Akaufungua kwa sehemu ya watumiaji, akakusanya takwimu kwa wiki moja, akatazama.

Wastani wa muda wa kungoja ulikuwa umepanda. Ukurasa mwepesi mara kumi na zaidi ulionekana kuwa mzito kuliko ule wa zamani. Alikuwa karibu kuiacha kazi yote pale mwenzake mmoja alipozigawa takwimu kijiografia. Jibu likaonekana: watazamaji walikuwa wameongezeka mno kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, Amerika ya Kusini, Afrika na hata pembe za mbali za Siberia. Huko ukurasa wa zamani ulichukua zaidi ya dakika 20, kwa hiyo hakuna aliyengoja, na kwa kuwa hakuna aliyengoja, hakuna aliyehesabiwa. Ukurasa mpya uliwafikia kwa kama dakika mbili. Dakika mbili ni nyingi, lakini mtu anayeitaka video atazivumilia, na dakika zake mbili ndizo zilizoupandisha wastani. Kwenye takwimu za zamani watu wetu hawakuwa hata wachache. Hawakuwepo.

Mwaka 2010 Mike Belshe, mhandisi mwingine wa Google, alipima kitu kilichowashangaza wauzaji wa intaneti. Alipanua njia ya mtumiaji kutoka megabiti 5 kwa sekunde hadi 10, na kurasa zikaharakika kwa kama asilimia 5 tu. Alipopunguza muda wa kwenda na kurudi, kila milisekunde iliyokatwa ilionekana kwenye matokeo. Yeye na Roberto Peon walikuwa tayari wakiandika utaratibu mpya, SPDY, unaoruhusu maombi mengi kuchanganyika ndani ya mlango mmoja bila moja kulisubiri jingine. Ukawa msingi wa HTTP/2, Mei 2015. HTTP/3, iliyokamilishwa Juni 2022, ilikwenda mbali zaidi: ilipunguza hodi za mwanzo, na kifurushi kimoja kikipotea njiani hakizuii tena mafaili mengine. Kwenye mtandao wa simu unaokatikakatika, hilo si jambo dogo.

Inasikitisha kwamba karibu kila kilichookolewa kilitumika upya. Mradi wa HTTP Archive, ambao Souders aliuanzisha, ulianza kupima mwishoni mwa 2010 na kukuta wastani wa ukurasa ukiwa kilobaiti 700 hivi. Kufikia 2015 ulikuwa umevuka megabaiti 2. Picha ziliongezeka, lakini kilichowatesa wenye simu za bei nafuu ni skripti. Picha ikifika imefika. Skripti ikifika ndiyo kwanza kazi inaanza, kwa kuwa kichakataji lazima kiisome, kiitafsiri na kuiendesha. Simu ya bei ya juu humaliza upesi. Simu ambayo fundi wa Mbagala au mama muuza samaki wa Malindi anaimudu hukwama, kitufe kinabonyezwa na hakiitiki, na bando linakatwa kwa ukubwa uleule.

Mei 2020 Google ilitaja vipimo vitatu vinavyomtazama mtumiaji mwenyewe: sehemu kubwa kuliko zote ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, vitu visihamehame mtu anapotaka kubonyeza, na ukurasa uitike haraka unapoguswa. Kipimo cha tatu kilibadilishwa Machi 2024 ili kihesabu miguso yote badala ya ule wa kwanza tu. Navipenda kwa kuwa vinapimwa kwenye simu za watu halisi. Lakini tovuti hupewa alama kwa kuangalia robo tatu ya ziara zake. Robo iliyobaki, yenye simu dhaifu na mtandao mbovu, inaweza kuteseka na tovuti ikafaulu. Aliyekata tamaa kabla ukurasa haujaonekana, yeye anaweza asiandikwe popote.

Wapo wanaoandikia robo hiyo bila kelele. Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani la Tanzania limekuwa likitoa matokeo ya kidato cha nne kwa ukurasa mmoja kwa kila shule: namba ya mtahiniwa, daraja, alama za masomo, jedwali tupu. Mbunifu wa leo angeutazama akatamani kuupamba. Ajaribu kwanza kuufungua kwa simu ya elfu themanini kutoka kijiji cha Sumbawanga, siku ambayo familia za nchi nzima zinatafuta namba zao kwa wakati mmoja. Faili limekwisha kuandikwa. Seva haiulizi hifadhidata kitu, simu haina skripti ya kutafsiri, na jina la shule na alama zote huja pamoja katika maombi machache ya mwanzo.